Kabla ya kumlaumu mpigaji filimbi, tafuta mahali hewa inapotorokea

MWALIMU alikuwa amekata kauli. Msichana yule wa kidato cha pili, katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja, hakuwa na pumzi za kutosha kupiga filimbi, na kwa hivyo wenzake wangeenda kwenye tamasha la muziki bila yeye.

Msichana huyo ni mpwa wangu. Alipokuja nyumbani kwa likizo ya katikati ya muhula, alikuwa amelipakata kasha jeusi la filimbi ya shule, ambalo alitakiwa kulirejesha siku ya kurudi. "Mjomba," akaniuliza hata kabla ya kuketi, "ni kweli mimi sina pumzi?"

Nilimwambia apige noti ya B, ambayo huhitaji vidole vichache tu, kisha ashuke hatua moja moja. B ilitoka safi. A ikafuata, nayo safi vilevile. Alipofika G sauti ilikatika, ukabaki mvumo wa upepo mtupu, na alipozidisha nguvu noti iliruka juu ikalia kama mluzi. F, E na D nazo zikafanya vivyo hivyo.

Mtu aliyepungukiwa na pumzi hapigi B na A kwa wepesi namna ile kisha akaishiwa ghafla kwenye G. Kasoro ilikuwa ndani ya filimbi yenyewe, na ile noti ya kwanza kukataa ilikuwa imekwisha kutuonyesha ni wapi.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu hujirudia kila mwaka shule zinapojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya mwaka wa 1927. Ala nyingi za shule zetu zimekaa ghalani miaka na mikaka, zimepita mikononi mwa watoto wengi, na fundi wa kuzitengeneza hapatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa. Filimbi ikiharibika kidogo, mtoto ndiye huonekana mbovu.

Filimbi ninayoizungumzia hapa si ile ya refa, wala rekoda ya plastiki ambayo wazazi wengi wameisikia ikiwapigia kelele sebuleni. Ni ile ya madini, yenye bomba jembamba la takribani sentimita 67, ambayo mpigaji huishika kwa kuilaza upande wake wa kulia. Utaiona katika bendi za polisi na za jeshi wakati wa sherehe za kitaifa. Umbo lake la leo ni kazi ya Mjerumani Theobald Boehm, mpigaji na mtengenezaji wa filimbi wa mjini Munich, aliyelikamilisha mwaka wa 1847.

Ala hii ina vipande vitatu: kichwa, chenye tundu la kupulizia, kiwiliwili, chenye vifuniko vingi, na mguu, ambao ni kipande kifupi cha mwisho. Chini ya kila kifuniko mna kitakia kidogo cha sufu iliyoshindiliwa na kuvikwa utando mwembamba. Wanabendi hukiita pedi. Kazi ya pedi ni kuziba tundu kabisa, pasipo kuacha hata upenyo wa unywele.

Kinacholia ndani ya filimbi ni hewa, wala si madini. Pumzi ya mpigaji hugonga ukingo wa tundu la mdomo na kuitetemesha hewa iliyomo bombani, na urefu wa hewa hiyo kutoka mdomoni hadi kwenye tundu la kwanza lililo wazi ndio huamua noti. Ukifunga matundu zaidi, bomba hurefuka na noti hushuka.

Kutokana na kanuni hiyo moja, mtu yeyote anaweza kuutafuta ugonjwa wa filimbi. Tundu linalovuja halidhuru noti ambazo zinaishia juu yake, kwa kuwa huko hewa imekwisha kutoka. Hudhuru noti zile tu zinazolitaka tundu hilo liwe limefungwa. Kwa hivyo mpigaji akianza juu na kushuka pole pole, noti zitakuwa nzuri hadi afike kwenye uvujaji, kisha zote zilizo chini yake zitakuwa na kasoro.

Kwa wasiosoma muziki, herufi A hadi G ni majina ya sauti, na neno shapu humaanisha sauti iliyopandishwa nusu hatua.

Tuirudie basi filimbi ya mpwa wangu. Vifuniko vingi vya filimbi hukaa wazi hadi kidole kivifunge. Lakini vinne hukaa vimefungwa kwa nguvu ya springi hadi kidole kivifungue, na hivyo ndivyo vya kushukiwa kwanza kwa sababu mpigaji hawezi kuvisaidia kwa kubonyeza zaidi. Kimoja ni cha G shapu, ambacho hufunguliwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kikilegea, A na B hazitajua lolote, ilhali G na noti zote za chini yake zitavujiwa.

Nilipokigusa kifuniko hicho kwa ncha ya kidole kilichezacheza kama jino bovu. Springi yake, ambayo ni nyembamba kama sindano ya kushonea, ilikuwa imechomoka kwenye ndoano yake ndogo. Niliirudisha kwa sindano ya kufumia vitambaa ya mamake. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika moja, na G ikalia.

Na ni nani aliyeichomoa? Ni yeye mwenyewe, kwa nia njema. Aliisugua filimbi kwa taulo ili ing'ae, na nyuzi za taulo zikainasa springi. Tangu hapo nimewaonya vijana wengi dhidi ya taulo kuliko nilivyowaonya dhidi ya kitu kingine chochote.

Vifuniko vingine vitatu vya aina hiyo navyo vina dalili zao. Cha D shapu, kilicho mguuni, hubaki wazi katika noti nyingi kwa kuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hukibonyeza. Hufungwa mpigaji anaposhuka hadi D, C shapu na C za chini. Kikivuja, ni noti hizo tu zitakazolalamika. Viwili vilivyosalia ni vidogo na vimekaa juu, karibu na kichwa, navyo hutumika hasa katika noti za kutetemesha. Hivi vikivuja, takribani ala nzima huugua na mpigaji huonekana hajui lolote.

Kabla ya kufika huko kwote, kuna jaribio rahisi ambalo walimu wengi hulisahau: mpe mtu mwingine ala hiyo, na mpe mwanafunzi ala nyingine. Noti ile ile ikiwakataa wote wawili, kosa ni la filimbi. Ikimkataa mwanafunzi pekee katika filimbi zote mbili, hapo ndipo pa kuzungumza juu ya mdomo na vidole vyake.

Vidole navyo hudanganya sana. Noti ya D ya oktava ya pili huhitaji kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kiinuliwe. Mwanafunzi akikisahau chini, noti hutoka, lakini hutoka kama mtu mwenye mafua. F shapu hupigwa kwa kidole cha pete cha mkono wa kulia; wanaoanza hutumia cha kati kwa kuwa ni chepesi, na noti huzubaa na kushuka kidogo. Mtu akikwambia filimbi yake ina F shapu mbaya, mtazame mkono kabla ya kuitazama ala.

Aidha, ziko noti ambazo si nzuri hata katika filimbi mpya. C shapu ya katikati hupanda juu kidogo na huwa na upepo mwingi, kwa sababu tundu lake lilifanywa dogo na kusogezwa juu ili lisaidie noti nyingine. Wapigaji wazoefu huishusha kwa kufunga vidole viwili au vitatu vya mkono wa kulia. E ya oktava ya tatu nayo hupasuka kwa urahisi, na mara nyingi hutulia mpigaji anapokiinua kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Hayo si maradhi ya kumpelekea fundi.

Sasa tuseme umekwisha kuhakikisha kwamba hewa inatoroka, lakini springi zote ziko mahali pake. Chukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, uikate utepe wa upana wa nusu sentimita hivi, ukiitupa sehemu yenye gundi. Uweke utepe huo chini ya pedi, funga kifuniko kwa upole, kisha uuvute taratibu. Pedi nzima huishika karatasi. Rudia mbele, nyuma na kando zote mbili za pedi ile ile. Upande ambao karatasi inateleza bila kushikwa ndio mlango wa hewa.

Upole ndio roho ya jaribio hilo. Ukibonyeza kwa nguvu, hata pedi iliyochakaa itashika. Ndiyo sababu mwanafunzi ambaye filimbi yake inavuja hujifunza kuikaba kana kwamba anamzuia mwizi. Vidole vyake hukakamaa, na hata akipewa ala nzuri baadaye hawezi kwenda mbio. Madhara hayo ya mkono huchukua muda mrefu kuyaondoa kuliko muda wa kubadilisha pedi.

Kubadilisha pedi na kuzungusha zile skrubu ndogo zinazounganisha vifuniko ni kazi ya fundi. Vifuniko kadhaa hufungwa kwa pamoja kidole kimoja kinapobonyezwa, na skrubu ndizo hupanga kiwango cha kila kimoja. Ukiikaza moja kupita kiasi, unaziba tundu hili na kuliacha jirani yake likivuja. Nimewahi kuona filimbi ambayo mvulana mmoja mwerevu aliitengeneza kwa bisibisi ya saa hadi ikanyamaza kabisa.

Pedi inayonata ni jambo jingine, nalo hutibika nyumbani. Dalili yake ni mlio mdogo wa "tta" kifuniko kinapoinuka, au kifuniko kuchelewa kufunguka ukipiga noti za haraka. Chanzo aghalabu ni sukari. Mwanafunzi hunywa chai ya maziwa na kula mandazi, au hunywa soda wakati wa mapumziko, kisha hupuliza mvuke wa mlo huo ndani ya ala. Tia karatasi ile ile safi chini ya pedi, funga kwa sekunde chache, fungua ndipo uitoe. Usiivute kifuniko kikiwa kimebanwa, utaupasua utando wa pedi. Poda pia haifai, kwani huchanganyika na unyevu ikawa uji.

Kuna malalamiko ya aina ya pili, ambayo hayahusu uvujaji: filimbi inalia vizuri lakini hailingani na wenzake. Hapa cha kukagua kwanza ni kizibo kilicho ndani ya kichwa, karibu na ile kofia ya mwisho. Watu wengi hawajui kwamba kizibo hicho kipo, na watoto wenye mikono isiyotulia huizungushazungusha kofia hadi kizibo kikahama.

Mahali pake ni takribani milimita 17 kutoka katikati ya tundu la mdomo. Kijiti cha kusafishia kinachokuja pamoja na ala kina mstari uliochongwa karibu na ncha yake. Ukikiingiza kichwani hadi kigote kizibo, mstari huo sharti uonekane katikati ya tundu. Kizibo kikisogea ndani kupita kiasi, noti za juu hupanda kuliko za chini. Kikivutwa nje, noti za juu hushuka. Mpigaji anayesikia kwamba D ya chini ni sawa ilhali D ya juu imekwenda zake, aanze hapo. Na anayetaka kukitoa kizibo chote ajue kwamba kichwa ni chembamba zaidi upande wa kofia, hivyo kizibo hutolewa kwa upande wa wazi.

Kizibo chenyewe kinaweza kunyauka kikavujisha hewa, na hilo huharibu noti zote kwa pamoja. Tenganisha kichwa, ziba tundu la mdomo kwa kidole, kisha ufyonze hewa kwa upande ulio wazi. Ikiwa ulimi unashikwa na mvuto huo kwa sekunde kadhaa, kizibo ni kizima. Mvuto ukipotea mara moja, pana mwanya.

Jambo la pili katika ulinganifu ni hali ya hewa, na hili linatuhusu sana katika nchi yenye baridi ya Limuru na joto la Mombasa. Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto, na hivyo filimbi hupanda sauti joto linapopanda. Tukigawanya nusu hatua ya muziki katika sehemu 100, kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza takribani sehemu tatu. Tofauti ya nyuzi 15 kati ya asubuhi ya Julai mlimani na alasiri ya pwani ingefikia sehemu 45, yaani karibu nusu ya nusu hatua. Kwa kweli tofauti hupungua kwa kuwa pumzi ya mpigaji huipasha bomba joto, lakini haiishi.

Kinanda cha umeme hakijali baridi wala joto. Shule inayopasha filimbi zake moto kwa dakika chache za kupuliza kimya kimya kabla ya kupanda jukwaani haitashangaa. Ile inayoziacha kwenye kasha hadi jina litajwe itaanza chini ya kinanda na kupanda wimbo unapoendelea, na waamuzi watasikia. Zaidi ya hayo, kichwa hakipaswi kusukumwa ndani hadi mwisho. Huachwa nje kidogo, milimita tano au zaidi kidogo, ili mpigaji awe na nafasi ya kupanda au kushuka anapojilinganisha na noti ya A, ambayo kipimo chake cha kimataifa ni mitetemo 440 kwa sekunde. Siku hizi programu ya simu huweza kukipima hicho bila malipo.

Kuhusu utunzaji, lililo kubwa ni maji. Pumzi hugeuka matone ndani ya bomba, na matone huozesha pedi. Baada ya kila mazoezi, kitambaa cha pamba kisichochuja nyuzi kipitishwe ndani kwa kijiti, katika vipande vyote vitatu, kabla ya kasha kufungwa. Kitambaa hicho chenye unyevu kisiwekwe ndani ya kasha juu ya vifuniko, kwa maana hapo utakuwa umeyatoa maji mlangoni na kuyarudisha dirishani. Katika miji ya pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, sharti hili halina likizo.

Wakati wa kuunganisha vipande, shika mahali pasipo na vifuniko na uzungushe taratibu. Mtu anayekamata filimbi kama rungu hupinda vyuma vyake, na chuma kikipinda kidogo kifuniko hakikai tena sawa. Viungo vikiwa vigumu, vifutwe kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya kujipaka hukusanya vumbi na kuzidisha ugumu. Mafuta ya kupikia na grisi ya baiskeli visikaribishwe hata kidogo, na dawa ya kung'arishia shaba huingia chini ya vifuniko na kuharibu pedi. Weusi juu ya fedha hauna athari yoyote kwa sauti.

Wenyeji wa Kwale watasema kwamba filimbi yao haina matatizo hayo, na kwa kiasi wana haki. Chivoti ya Wadigo, filimbi ya mwanzi yenye matundu sita, haina springi, pedi wala skrubu. Hata hivyo, kanuni ya hewa ni ile ile. Mwanzi ukikauka hupasuka, na ufa mwembamba usioonekana hunyamazisha noti zote zilizo chini yake kama pedi mbovu. Ufa huzibwa kwa nta na kufungwa kwa uzi uliokazwa. Noti iliyo chini mno hupandishwa kwa kulipanua tundu lake kidogo, na iliyo juu mno hushushwa kwa kulipunguza tundu kwa nta. Anayepanua akumbuke kwamba nta hubanduka, lakini mwanzi uliokatwa haurudi.

Mpwa wangu alirejea shuleni na filimbi inayolia. Alipiga mbele ya mwalimu wake, ambaye kwa uungwana alikubali kwamba alikuwa ameharakisha, lakini majina ya washiriki yalikuwa yamekwisha kupelekwa. Alisubiri mwaka mmoja.

Kwa shule ambayo italazimika kumtafuta fundi mbali, pengine kwa kumtuma dereva au mzazi anayesafiri kwenda Nairobi, usitume ujumbe kwamba "filimbi ni mbovu". Mwanafunzi ashuke noti moja moja kutoka B hadi C ya chini, kwa pumzi ya kawaida na vidole vilivyolegea. Aandike kwenye kipande cha karatasi noti ya kwanza iliyokataa, na kama inakubali akibonyeza kwa nguvu au haikubali kabisa, kisha akitie kipande hicho ndani ya kasha.